Barua Isiyotaja Kosa

Jioni moja ya Jumapili mwaka 2022, mama mmoja tunayesali naye alinifuata baada ya ibada akiwa na bahasha ya serikali mkononi, akaniomba nimsomee kilichomo. Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili katika mahakama na hospitali za hapa Marekani, kwa hiyo watu wetu wamezoea kuniletea karatasi zao, za bima, za kodi, za shule za watoto, nami nimezoea kuzisoma hapo hapo tukiwa tumesimama. Hii tulilazimika kukaa. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikageuza wa pili, nikarudi tena kwenye wa kwanza, na mama alipochoka kusubiri akaniuliza, "Kaka, wanasema mwanangu amekosa nini?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu barua haikusema. Ilitaja namba ya mali, maelezo ya mali, thamani yake, tarehe na mahali ilipokamatwa, ikataja na vifungu vya sheria, kisha ikaeleza kwamba mali hiyo itataifishwa iwapo hakuna atakayejitokeza kuidai ndani ya muda uliowekwa. Mali yenyewe ilikuwa dola 9,600 taslimu.

Fedha hizo zilikuwa za upatu. Wanawake 16 wanachanga dola 600 kila mwezi, na zamu ya mama huyu ilipofika alimkabidhi mwanawe, kijana wa miaka 23, asafiri kwa ndege hadi jimbo jingine akanunue gari dogo la mizigo ambalo mwenyewe alitaka kulipwa taslimu. Mlangoni pa kupandia ndege, wanaume wawili waliovaa kiraia walimwomba ruhusa ya kutazama begi lake, naye akakubali, kwa kuwa amelelewa kutobishana na wenye mamlaka. Hawakukuta dawa za kulevya wala silaha. Walikuta bahasha tatu zilizofungwa kwa mpira. Hawakumtia pingu, hawakumfungulia shtaka, wala ndege haikumwacha. Alipanda akiwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwamba zimechukuliwa fedha za Marekani, kiasi hakijahesabiwa. Karatasi hiyo nimeishika kwa mikono yangu, na mpaka leo maneno hayo mawili ya mwisho yananisumbua, maana mtu anayepewa stakabadhi isiyo na kiasi amepewa nini cha kusimamia kesho akiulizwa alikuwa na shilingi ngapi?

Mama ameniruhusu kuandika habari hii mradi nisimtaje jina. Tangu siku ile nimesoma hukumu na ripoti nyingi kuhusu jambo hili, nimewauliza mawakili ninaofanya nao kazi, na nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya mali inayochukuliwa kwa njia hii haichukuliwi na hukumu ya jaji hata kidogo. Inachukuliwa na ukimya wa mwenye mali, na utaratibu wenyewe umejengwa kwa namna ambayo huuzaa ukimya huo.

Kwanza ni lazima tutofautishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Neno kutaifisha kwa watu wa rika langu hukumbusha mabenki na mashamba makubwa kuwekwa chini ya umma, lakini hapa nalitumia kwa maana ya kimahakama, yaani serikali kujimilikisha mali ya mtu kwa madai kwamba ni zao la uhalifu au chombo cha kutendea uhalifu. Marekani ina njia mbili kuu za kufanya hivyo. Ya kwanza ni ya jinai, ambapo mtu anashtakiwa, anatiwa hatiani kwa ushahidi usioacha shaka ya msingi, kisha mali iliyohusika inataifishwa kama sehemu ya adhabu yake. Hiyo sina ugomvi nayo. Ya pili ni ya madai, ambapo mshtakiwa si mtu, ni mali yenyewe. Ndiyo maana katika kumbukumbu za mahakama za Marekani utakuta kesi iitwayo "Marekani dhidi ya dola 124,700 za fedha taslimu", na si mchezo wa maneno, kwa kuwa kisheria fedha ndizo zilizosimama kizimbani, na mwenye fedha ni mtu wa pembeni aliyekuja kujitetea kwamba nazo zina mwenyewe.

Kesi hiyo inafaa kusimuliwa. Mwaka 2003 polisi wa Nebraska walimsimamisha dereva mmoja kwa mwendo wa kasi katika gari la kukodi, na ndani ya sanduku la kuhifadhia vinywaji baridi wakakuta fedha hizo. Awali dereva alikuwa amekana kuwa na fedha nyingi. Mbwa wa polisi aliashiria harufu ya dawa za kulevya, lakini dawa zenyewe hazikupatikana. Maelezo yake yalikuwa kwamba yeye na wenzake walichanga akiba zao ili wanunue lori la kubebea vitu vibichi, akasafiri hadi Chicago akakuta lori limeshauzwa, na kwamba alikana kwa hofu. Jaji wa kwanza aliamua fedha zirudishwe, lakini mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Kila ninapoisoma hukumu hiyo nawaona wanawake 16 na daftari lao, kwa sababu watu waliozoea kuchangiana fedha taslimu, kuzibeba na kulipa mkononi wanafanya jambo la kawaida kabisa katika jamii zao, lakini machoni pa ofisa mwenye shaka kila hatua ya jambo hilo ni dalili ya uhalifu. Wala sheria haikatazi kusafiri na fedha taslimu ndani ya nchi hii, ziwe kiasi gani. Sharti la kutangaza fedha zinazozidi dola 10,000 linawahusu wanaovuka mpaka.

Mizizi ya sheria hii imo baharini. Katika karne za mwanzo za taifa hili, serikali ilitegemea sana ushuru wa forodha, na mwenye meli ya magendo au ya uharamia mara nyingi alikuwa ng'ambo, mahali ambapo mkono wa mahakama za Marekani haukumfikia. Kwa hiyo meli ndiyo iliyoshtakiwa. Mwaka 1827, katika kesi ya meli iliyoitwa Palmyra, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba chombo kinaweza kutaifishwa bila mwenyewe kutiwa hatiani kwanza. Mantiki hiyo ninaielewa, kwani bila hiyo meli ingebaki bandarini bila wa kuhukumiwa. Ninachoshindwa kuelewa ni jinsi mantiki ya mwenye meli asiyefikika ilivyohamishiwa kwa kijana aliyesimama mbele ya maofisa akiwa na kitambulisho mkononi na anwani ya nyumbani kwa mama yake. Safari hiyo ilipitia katika vita dhidi ya dawa za kulevya. Sheria ya mwaka 1970 iliruhusu kutaifisha dawa, vifaa na vyombo vya usafiri, mwaka 1978 zikaongezwa fedha, na mwaka 1984 zikaongezwa nyumba na ardhi.

Mwaka huo wa 1984 ulileta jambo jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoharibu zaidi. Kabla ya hapo, kilichotaifishwa na serikali kuu kiliingia katika mfuko mkuu wa hazina. Sheria mpya iliunda mfuko maalumu ndani ya Idara ya Sheria, ikaruhusu na polisi wa majimbo na miji walioshirikiana na serikali kuu wagawiwe sehemu ya mapato, hadi asilimia 80. Hivyo jimbo linaweza kuwa na sheria kali inayowalinda wananchi wake, lakini polisi wa humo humo wakaipita kwa kukabidhi kesi kwa serikali kuu na kusubiri mgawo wao. Sisemi kwamba kila askari anayesimamisha gari anawaza mgawo. Wapo wengi wanaofanya kazi hiyo kwa uaminifu, na nimewatafsiria baadhi yao. Nasema kwamba si haki kwa raia kuchunguzwa na chombo ambacho bajeti yake inaongezeka kadiri kinavyomtilia shaka.

Na kiasi chenyewe si kidogo. Taasisi ya mawakili iitwayo Institute for Justice, ambayo imewatetea wengi waliopoteza mali, ilikadiria mwaka 2020 kwamba tangu mwaka 2000 majimbo na serikali kuu zimetaifisha angalau dola bilioni 68.8, ikiwa ni pamoja na utaifishaji wa jinai. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilihesabu matukio 61,998 ya kukamata fedha taslimu tangu Septemba 2001, bila hati ya upekuzi wala mashtaka, yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2.5.

Narudi kwenye ukimya. Mkaguzi Mkuu wa Idara ya Sheria alitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu wakala wa kudhibiti dawa za kulevya, DEA. Alieleza kwamba kuanzia mwaka wa fedha wa 2007 wakala huo ulikuwa umekamata fedha taslimu za dola bilioni 4.15, na kwamba bilioni 3.2 kati ya hizo zilitaifishwa kiutawala. Neno hilo "kiutawala" lina uzito kuliko linavyosikika. Maana yake ni kwamba hakuna aliyewasilisha madai kwa wakati, kwa hiyo wakala uliokamata fedha ndio pia uliotangaza kwamba fedha ni za serikali, na hakuna jaji aliyelitazama faili. Wapo watakaosema kwamba mhalifu hawezi kuja kudai fedha za uhalifu, na kwa hiyo ukimya ni aina ya kukiri. Kwa baadhi ya kesi nakubali kabisa. Lakini mtu aliyekaa meza moja na mwenye barua anajua sababu nyingine za kunyamaza ambazo hazihusiani na hatia.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Katika majimbo 21 ambayo taasisi niliyoitaja ilipata takwimu zake, nusu ya matukio ya kutaifisha fedha taslimu yalihusu kiasi kilicho chini ya dola 1,276. Wakili gani atasimamia kesi hiyo kwa malipo yaliyo chini ya mali yenyewe? Na kwa kuwa kesi si ya jinai, mahakama hailazimiki kumpa mdai wakili wa bure, isipokuwa katika hali chache kama ile ya mtu asiye na uwezo ambaye nyumba anayoishi ndiyo inayodaiwa na serikali kuu. Mwuza dawa za kulevya akikamatwa leo atapewa wakili. Mama wa upatu hapewi.

Sababu ya pili ni muda. Serikali kuu ina siku 60 tangu kukamata mali kutuma taarifa, na mwenye mali akitumiwa barua hupewa siku 35 zinazohesabiwa tangu barua ilipotumwa, si tangu alipoisoma. Bahasha ile ilikuwa imekaa siku 19 juu ya jokofu, katikati ya matangazo ya maduka, kwa sababu nyumba nzima iliidhania kuwa ya faini ya gari.

Sababu ya tatu ni njia mbili zilizowekwa ndani ya barua, na hapa naomba msomaji awe makini kwa sababu nimeona watu wakipotea. Unaweza kuwasilisha dai kwa kiapo, na hapo serikali inapaswa ndani ya siku 90 ama ifungue kesi mahakamani, ama irudishe mali. Au unaweza kuandika ombi la kusamehewa, ambalo linasikika la upole na la heshima, lakini kwa kulitegemea peke yake unaiacha haki yako ya kumwona jaji, na anayeamua kama ufikiriwe ni upande ule ule uliokuchukulia. Mama, kama watu wengi wa malezi yetu, alivutwa na la pili. "Si tuombe tu kwa adabu?" aliniuliza. Ilinichukua muda kumweleza kwamba katika karatasi hii kuomba kunamaanisha kukubali.

Hofu nayo ina sehemu yake. Katika mji mdogo wa Tenaha, Texas, wasafiri walisimamishwa barabarani na kuwekewa karatasi ya kuziachia fedha zao. Baadhi waliambiwa kwamba wasiposaini watashtakiwa, na wengine kwamba watanyang'anywa watoto wao. Bunge la Texas lilipiga marufuku karatasi za namna hiyo za barabarani mwaka 2011, na kesi ya pamoja ya wasafiri hao ikamalizwa kwa makubaliano mwaka uliofuata. Huko Philadelphia kilikuwako chumba namba 478 katika jengo la jiji, kilichoitwa chumba cha mahakama ingawa waendesha mashtaka ndio waliokiendesha, bila jaji. Wenye nyumba na magari waliitwa humo, wakaahirishiwa, wakaitwa tena, na aliyekosa siku moja aliweza kupoteza kila kitu. Familia moja ilifungiwa nyumba yake mwaka 2014 baada ya mtoto wao kuuza dawa za kulevya za dola 40 bila wao kujua. Jiji lilikubali mwaka 2018 kuubadili utaratibu huo na kuweka dola milioni 3 za kuwafidia walioumizwa.

Sitaki kuonekana kama mtu asiyeona upande wa pili. Magenge yanasafirisha fedha taslimu kweli, vigogo wake hukaa nje ya nchi, na utaifishaji umewarudishia watu mali waliyoibiwa. Waliotapeliwa na Bernard Madoff walilipwa zaidi ya dola bilioni 4 kutoka mfuko uliotokana kwa sehemu kubwa na utaifishaji, zikiwamo dola bilioni 1.7 ambazo benki ya JPMorgan ilizitoa mwaka 2014 kwa njia hiyo hiyo ya madai. Lakini tazama tofauti: benki ilikuja mezani na jeshi la mawakili, ikasikilizwa, ikakubaliana. Kijana wa uwanja wa ndege alipewa karatasi isiyo na kiasi.

Bunge la Marekani lilijaribu kurekebisha mwaka 2000. Kabla ya hapo mwenye mali ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba mali yake haina hatia, na kwa kawaida aliweka dhamana ya asilimia 10 ya thamani yake ili asikilizwe tu. Sheria ya mwaka huo iliondoa dhamana, ikahamishia mzigo wa kuthibitisha kwa serikali, na ikamtambua mmiliki asiye na hatia. Hata hivyo kipimo kilichowekwa ni uwezekano unaozidi nusu, na mmiliki asiye na hatia bado anatakiwa yeye mwenyewe kuthibitisha kwamba hakujua. Ulinzi huo nao ni wa sheria, si wa Katiba. Katika kesi ya Bennis dhidi ya Michigan ya mwaka 1996, mke aliyekuwa mmiliki mwenza wa gari alilipoteza kwa sababu mumewe alilitumia kufanya ngono na kahaba, na Mahakama ya Juu, majaji watano dhidi ya wanne, ikasema Katiba haimlindi.

Mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo ilitoa uamuzi ulionipa moyo. Katika Timbs dhidi ya Indiana, Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwa niaba ya mahakama kwamba katazo la faini za kupindukia lililomo katika Marekebisho ya Nane ya Katiba linazibana serikali za majimbo pia. Gari lililobishaniwa lilinunuliwa kwa dola 42,000 hivi kutokana na bima ya maisha ya baba wa mwenye gari, wakati faini ya juu kabisa ya kosa alilokiri ilikuwa dola 10,000. Gari lilikamatwa mwaka 2013, likarudi mikononi mwake mwaka 2020. Mwaka 2024, hata hivyo, katika Culley dhidi ya Marshall, majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba Katiba hailazimishi kikao cha mapema cha kuamua kama mwenye gari apewe gari lake wakati akisubiri kesi. Mmoja wa walalamikaji alikuwa mama wa Alabama ambaye gari lake lilikamatwa likiendeshwa na mwanawe, akalingojea kwa miezi 20 hivi. Jaji Neil Gorsuch, ingawa alikuwa upande wa walio wengi, aliandika kwamba desturi ya leo inazua maswali mazito kuhusu haki za kisheria za mwenye mali, na naamini maswali hayo yatarudi.

Majimbo mengine hayakungoja. New Mexico ilifuta utaifishaji wa madai mwaka 2015 na kuelekeza mapato ya ule wa jinai katika mfuko mkuu wa jimbo, ili polisi wasiwe na mgawo wowote. Nebraska ilifuata mwaka 2016, na Maine mwaka 2021. Katika Bunge la Marekani, muswada ambao ungefuta utaifishaji wa kiutawala na kuondoa mgawo ulipita katika kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi mwezi Juni 2023 kwa kura 26 bila pingamizi, jambo la nadra katika siasa za sasa, kisha ukakwama. Novemba 2024 Idara ya Sheria yenyewe ilisimamisha upekuzi wa kuwaomba ridhaa abiria viwanjani na vituoni pale usipotokana na upelelezi uliokwisha kufunguliwa. Amri ya idara, lakini, yaweza kubadilishwa na amri nyingine.

Tulipeleka dai siku ya 33, kwa barua ya rejista, kwa msaada wa wanafunzi wa sheria na mwalimu wao ambao hawakutoza chochote. Ushahidi mkubwa ulikuwa daftari la upatu, la kawaida la shule, lenye majina 16 kwa kalamu ya buluu, alama ya vyema kwa kila mwezi, na doa la mafuta ya kupikia kwenye ukurasa wa Machi. Nililitafsiri lote, hata maneno ya pembeni kama "atamalizia Ijumaa". Serikali ilikuwa na siku 90, na siku ya 84 ikaja barua kwamba fedha zitarudishwa zote, bila kueleza kwa nini zilichukuliwa wala kwa nini zinarudi. Gari lilikuwa limeshauzwa kwa mtu mwingine.

Upatu unaendelea. Siku hizi anayepokea hupewa hundi ya benki, na daftari jipya lina safu ya namba za hundi. Wanawake wale wameniomba pia niandike kwa Kiingereza, juu ya kila ukurasa, maelezo ya mistari mitatu ya upatu ni nini na fedha zimetoka kwa nani, na kila mwisho wa mwezi hunipitishia daftari ili nihakikishe kwamba ofisa atakayelifungua ataelewa anachokisoma.